Sikio la Kushoto la Mzee wa Unga

Ukimpelekea Mzee wa Unga mahindi yenye unyevu, hakukugombeza. Alichukua punje moja kutoka debe lako, akaiuma kwa meno ya mbele, akaitemea kiganjani na kukuonyesha, kama daktari anavyomwonyesha mgonjwa jino alilomng'oa. "Rudi nayo yakishaona jua," alisema. Hakuna aliyebishana naye. Mtaa wetu mzima wa Langas ulijua kwamba unga wa Mzee hauchachi hata ukikaa mwezi kwenye gunia.

Alizaliwa wapi, au alifika Eldoret mwaka gani, sijui. Hakunieleza, nami sikumuuliza. Mimi nilimjua kwa ukuta. Kibanda changu cha kushona na posho mill yake ya kusagia mahindi vilitenganishwa na mabati tu, na kwa miaka tisa habari zake zilinifikia kupitia mabati hayo: mota ikinguruma, kikohozi chake kikavu, wimbo wa kanisani aliouimba akifagia. Aliniita Fundi, nami nikamwita Mzee. Majina yetu yalibaki kwenye vitambulisho.

Alikuwa Mkikuyu wa Central, mimi mwanamke wa Vihiga, na ndimi zetu zilituchekesha. Kwake mfalme alikuwa "mfarume". Mimi naye alinisubiri niseme jana, maana nikisahau hutoka "chana", basi akarudia "chana, chana" akitikisa mabega, unga ukimwanguka kama mtu anayepukutika.

Kitabu nacho kilinijia kwa ukuta.

Alasiri moja stima ilipotea. Mashine ikanyamaza, na katika ule ukimya nikasikia sauti ya mwanamke akisoma Kiingereza, polepole, sauti ya mtu aliyetoka kulia na sasa amejifuta. Alikuwa akisimulia habari za mfalme anayetembea kwa miguu. Nikadhani ni redio. Kesho yake stima ikapotea tena, na yule mwanamke akaendelea pale pale alipoachia. Nikaweka mkasi chini, nikazunguka upande wa pili.

Mzee alikuwa ameketi juu ya gunia, simu kwenye paja, kichwa amekiinamisha upande kama kuku anayetafuta punje. Alikuwa akitumia sikio la kushoto. La kulia, aliniambia, alikuwa ameliacha kwenye kiwanda cha nguo alikofanya kazi ujanani, katikati ya mitambo ya kufuma.

"Ni nini hiyo, Mzee?"

"Ni kitabu."

"Kitabu kinaongea?"

"Msichana wangu amenitumia. Yule wa Kanada. Yeye anasikiliza huko akienda kazini, mimi nasikiliza hapa. Jumapili tunaambiana tumefika wapi." Akanisogezea debe. "Keti basi, lakini usiniulize maswali. Ukiuliza napoteza."

Binti huyo alikuwa akitunza wazee huko ng'ambo, na hakuwa amerudi nyumbani kwa miaka mingi. Mama yake alikuwa ameshafariki. Hayo ndiyo niliyoyajua wakati huo.

Kitabu chenyewe kilikuwa kirefu, zaidi ya saa hamsini. Kilihusu nchi ambayo jua lake limefichwa na majivu, watu wake wakizaliwa na kuzeekea kwenye mwanga wa taa. Mtoto wa pekee wa mfalme aliuawa kwa sumu. Mfalme akavua taji, akaondoka kumtafuta muuaji, na kwa kuwa alikuwa kipofu, akamchukua mwanamke mmoja mganga amwongoze njia. Asichokijua ni kwamba mganga huyo ndiye aliyeichanganya ile sumu, kwa kulazimishwa na watu waliokuwa wamemshika dada yake. Wakatembea pamoja wawili hao, mwaka ukaisha, mwingine ukaingia. Mganga alimpikia, akamfunga vidonda, akampenda kama baba. Kila walipoamka alikusudia kumwambia ukweli, na kila walipolala alikuwa bado hajamwambia.

Mizimu ilikuwemo, na mapanga, na mji uliojengwa kwa mifupa. Mzee hakujali mizimu. "Hiyo ni ya kutisha watoto," alisema. Aliwajali wale wawili barabarani. Niliwahi kumlaani yule mganga nikiwa natia uzi kwenye sindano, akanijibu kupitia mabati, "Fundi, huyo si mtu mbaya. Amefanya mabaya. Mtu mbaya hawezi kushinda njaa ndio mwenzake ale."

Hakuwahi kusengenya mtu wa Langas. Ukianza kumweleza habari za jirani aliwasha mota. Lakini watu wa kitabuni aliwasengenya wazi wazi, mbele ya wateja, mpaka mgeni akadhani mfalme ni kiongozi fulani wa kaunti. "Kiburi ndicho kinamwongoza, si yule mama. Kwani hasikii vile mkono wake unatetemeka akimpatia chai?"

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa kwelikweli, wa koti jeusi na Biblia yenye zipu. Alisimama akakemea uchawi na hirizi, nilimsikia kwa masikio yangu siku nilipoalikwa. Jumatatu akaniambia hakulala vizuri kwa sababu mganga alikuwa amekamatwa. Mchungaji wake alimkuta akisikiliza siku moja, alipokuja na gunia la kanisa la kusagwa. Kwenye simu mganga alikuwa akizungumza na maiti. Mimi upande wangu nikashika mdomo. Mzee hakuzima.

"Mchungaji, keti," alisema. "Hii ni habari ya watu wawili."

Mchungaji akaketi. Aliondoka akiwa ameuliza maswali zaidi ya niliyowahi kuuliza mimi, na Mzee akayajibu yote.

Stima ikipotea siku hizo hatukulalamika. Akina mama waliokuja na mahindi yao walingoja kwenye kivuli cha mabati, Mzee akasimamisha simu juu ya mashine na kututafsiria. Hakuwa na Kiswahili kingi, lakini alijua kunyamaza. Alisema, "Mfarume ameshika uso wake. Anataka kujua anafanana aje," kisha akatuacha hapo tukimwona yule kipofu akipapasa uso wa aliyemuulia mtoto. Siku moja stima ilirudi wakati kama huo, taa zikawaka mpaka saluni ng'ambo ya barabara. Mama mmoja muuza mboga, ambaye alikuwa amengoja tangu saa nne, akainua mkono kama mtoto darasani. "Mzee, wacha kwanza. Usiwashe." Mzee akacheka mpaka akakohoa, na hakuwasha.

Alikuwa na sheria zake. Hakuruka sura. Hakuongeza kasi, ingawa nilimwonyesha kitufe. "Huyu mama amepewa muda wake wa kusoma," alisema, "nikimharakisha nitakuwa kama wale wa kuangalia saa mchungaji akihubiri."

Jumapili saa nane simu ya Kanada iliingia. Alikuwa amefungua posho mill bila kusaga, akiwa bado na koti la kanisani, mgongo umenyooka. Aliweka spika, na mimi nyuma ya mabati sikuwa na budi kusikia.

"Umefika wapi, baba?"

"Wamevuka ule mto wa majivu."

"Na unaonaje? Atamwambia?"

"Alikuwa aseme. Ukaona vile alifungua mdomo? Halafu yule askari akaja."

"Mimi nilitaka kumpiga huyo askari."

"Hata mimi."

Waliendelea hivyo nusu saa, mara nyingine saa nzima. Walimjadili mganga kama ndugu yao aliyepotea njia. Simu ikikatika, Mzee alikaa pale muda mrefu, mkono juu ya mashine iliyopoa. Sikumsumbua. Kuna watu wakikaa namna hiyo unaona ni kama bado wako na mtu.

Sasa nikikumbuka naona dalili zilikuwepo. Sauti ya kitabu ilipanda. Mwanzoni nilihitaji kunyamazisha cherehani ndipo nisikie. Baada ya mwaka nilisikia nikiwa nashona, baadaye yule msomaji akasikika hadi kwa fundi wa viatu, duka la tatu. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilidhani anatupandishia sisi. Kisha akaanza kuniuliza kwa ukuta, "Fundi, amesema nini hapo?" Nikamwambia. Akalaumu msomaji. "Huyu mama siku hizi anameza maneno."

Sikio la kushoto lilikuwa likimuaga.

Tulikuja kujua siku ya nati. Kulikuwa na nati ya chuma kwenye mahindi ya mtu, sijui iliingiaje. Mashine ilipoimeza ilipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia tena, chuma kikitafuna chuma, na watu wote mlangoni wakaruka nyuma. Mzee alikuwa ameipa mgongo, akifunga gunia la mteja kwa utulivu kabisa. Nilikimbia nikiwa na utepe wa kupimia shingoni, nikazima swichi. Mkanda ulikuwa umeshakatika, na kipande chake kilikuwa kimepita karibu na bega la msichana mmoja hadi kikatoboa mabati, mabati yangu.

Mzee aligeuka kwa sababu ardhi ilikuwa imeacha kutetemeka. Alitazama nyuso zetu, akatazama tundu ukutani. 

Hakuwasha mashine tena. Alikuja kila siku, akafagia, akaketi. Jumapili iliyofuata, karibu na saa nane, alisimama mlangoni kwangu na lile koti lake, simu mkononi kama mtu aliyeshika kifaranga.

"Fundi, nisaidie," alisema, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia sauti yao wenyewe. "Asijue."

Basi nikatandaza kitambaa cheusi mezani, nikachukua chaki yangu ya kuchorea nguo. Binti aliposema, mimi niliandika, yeye akasoma, akajibu. Nikafuta kwa kiganja, nikaandika tena. Kati ya swali na jibu palikuwa na pengo, na binti akasema, "Network yenu imekuwa mbaya, baba." Nikaandika. Mzee akasoma, akanitazama, akajibu, "Ni mbaya sana."

Tulifanya hivyo Jumapili nyingi. Siku za katikati nilisikiliza kitabu nikishona, nikamweleza sura baada ya sura, nikiwa nimeweka mdomo karibu na sikio lake mpaka pumzi yangu ikampeperusha nywele nyeupe. Baadaye hata hivyo hakusikia. Nikanunua daftari. Niliuliza duka la vitabu mjini kama kitabu chenyewe kipo, kwa kurasa, muuzaji akaniambia vitabu vya namna hiyo havifiki hapa.

Mashine ilichukuliwa na mtu mwingine, naye Mzee akaenda Timboroa kwa mpwa wake. Simu kubwa aliniachia mimi, kwa sababu kitabu kilikuwa humo. Yeye akabaki na kabambe, simu ndogo ya vitufe, ya kuandika ujumbe. Mzee alimwambia binti kwamba huko milimani simu hazishiki vizuri, na tangu hapo wakawa wanaandikiana. Kila wiki mama mmoja wa viazi alinipelekea Timboroa karatasi zangu, na akaniletea majibu yake yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: FUNDI, UMEHARAKISHA. ALIVAA NINI? ALIKUWA NA UOGA AMA HASIRA?

Posho mill imekuwa duka la simu. Vijana wanapiga muziki tangu asubuhi, nao ni wazuri, wananisalimia. Lakini mpaka leo nikimaliza kushona kitu kigumu huwa nainua kichwa kuelekea mabati nimwambie.

Nilipofika sura ya mwisho sikuweza kuiandika. Nilijaribu mara mbili. Ikabidi niende.

Timboroa baridi inakuingia kwenye mifupa ya vidole. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya mbao, amevaa koti la mvua na kofia ya sufu, akichagua viazi vya mbegu. Alikuwa amekonda. Aliponiona alitupa kiazi chini, akanishika mikono yote miwili na kuitikisa, akisema jina langu la kazi mara nyingi, kwa sauti iliyowafanya ng'ombe wa jirani wageuke.

Tukaingia jikoni, kwenye moto. Mke wa mpwa wake akatupatia chai, akarudi shambani. Nikamwonyesha kwa mikono kwamba kitabu kimeisha. Akavuta kiti. Nikafungua daftari nikaandika huku yeye akisoma juu ya bega langu, neno kwa neno, kabla wino haujakauka.

Nikaandika kwamba walifika bahari. Kwamba mfalme aliugua huko, na mganga akamuuguza siku kumi na mbili. Kwamba mfalme alimshukuru kwa kuwa mtoto wake wa pili. Kwamba mganga alifungua mdomo.

Nikaacha kuandika. Akanigusa kiwiko.

Nikaandika: *Hakusema. Mfalme akafa bila kujua.*

Alisoma mistari hiyo miwili kwa muda mrefu kuliko zile kurasa zote. Kisha akaenda akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Alipoanza kuongea alikuwa amenipa mgongo.

"Msichana wangu alikuwa form three," alisema. "Nilikuwa nimefanywa mzee wa kanisa mwaka huo. Nikapata vitabu chini ya kitanda chake. Vya wachawi, vya mapanga, kama hiki tu. Nikavitoa nje nikavichoma. Kulikuwa na exercise book pia, nikatupa ndani. Mama yake akaniambia baadaye, hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Alikuwa anaandika hadithi. Miaka miwili alikuwa anaiandika." Akapangusa pua kwa nyuma ya mkono. "Alisimama pale akaangalia mpaka ikaisha. Hakulia. Kutoka siku hiyo mpaka leo hajawahi kuniongelesha Kikuyu. Si umetusikia, Fundi? Kiswahili. Kama watu wa ofisi."

Nilikuwa nimewasikia miaka yote hiyo. Nilidhani ni namna ya watu waliosoma.

"Halafu ananitumia kitabu," alisema. "Mimi. Na sijamwambia kitu."

Akaniashiria kwenye mkoba, ilipokuwa simu kubwa. Nikaandika: *Sasa hivi? Huko ni asubuhi, atakuwa anaenda kazini.* Akaitikia kwa kichwa. "Piga. Nikingoja nitanyamaza."

Nikapiga. Ilishika mara ya kwanza. Nikasikia mlio wa gari, kisha sauti yake, na hofu ndani yake, maana haikuwa Jumapili. "Baba? Kuna nini?"

Nikamwekea simu karibu na mdomo.

Akasema kila kitu. Alisema kwa lugha yao, na mimi sikuelewa maneno, lakini nilijua amefika wapi kwa sababu nilikuwa nimetoka kuyasikia. Sauti yake ilipanda na kushuka ovyo, kwa kuwa haikuwa na sikio la kuiongoza. Katikati aligeukia Kiswahili, nadhani ili nami niwe shahidi. "Na sikusikii. Nimeacha kusikia kutoka mwaka jana. Network iko sawa. Ni Fundi amekuwa akikusikia."

Kisha akaniangalia na kungoja.

Nikaweka simu sikioni. Ule mlio wa gari ulikuwa umekoma, kama amesimama pembeni ya barabara. Nilisikia akipumua. Mzee alinitazama midomo, nami nikaweka kalamu juu ya daftari. Nikaogopa. Nikajiambia, mwanamke wewe, umeleta ukurasa ambao ungebaki nao Langas.

Ndipo akaongea. Yalikuwa maneno machache, nayo hayakuwa Kiswahili.

"Dada, sisikii Kikuyu," nikamwambia. "Nisemee polepole, niandike vile yanasikika."

Akanisemea polepole, huku akilia, kipande kwa kipande, nami nikaandika kama mtoto wa darasa la kwanza, bila kujua neno linaanzia wapi wala linaishia wapi. Mara mbili nikamwomba arudie. Nilipomaliza nikageuza daftari.

Mzee alilisogeza kwenye mwanga wa mlango. Midomo yake ikatembea. Akarudi mwanzo, akaunganisha vile vipande vyangu vilivyokatwa vibaya, akasoma tena, mara hii kwa sauti, na kwa sauti yake yakawa maneno. Akaketi.

"Ameniuliza," alisema, "kama nimekula."

Akanyoosha mikono kuelekea simu, nikampa. Akaishika kwa vidole vyote kumi mbele ya mdomo na kuanza kumjibu. Alijibu muda mrefu sana, kwa kelele, akionyesha sufuria, akionyesha shamba nje, kana kwamba binti angeweza kuona. Nilielewa neno moja tu, *waru*, viazi, na alilitaja mara nyingi.